TOPE LA BANDARI NA MATUMIZI YAKE KATIKA UJENZI

(Matini ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi)



Kila bandari duniani ina kazi moja isiyokwisha. Mvua hushusha udongo kutoka mashambani na mitaani, mikondo ya bahari huleta mchanga, na vyote hivyo hutua chini ya gati, mahali ambapo maji yametulia. Baada ya miaka michache meli iliyokuwa ikiingia kwa raha huanza kusubiri maji makuu. Ndipo vyombo vya kuzolea tope huitwa, na kina cha bandari hurudishwa au huongezwa. Bandari ya Dar es Salaam, kwa mfano, ilianza kuongezewa kina katika mradi uliozinduliwa mwaka 2017, na Visiwa hivi navyo haviwezi kuikwepa kazi hiyo maadamu vinaishi kwa vyombo vya bahari.

Suali linalofuata ni dogo kwa maneno na kubwa kwa matokeo: tope lililozolewa liende wapi? Kwa muda mrefu dunia ilijibu kwa kulipakia kwenye matishari na kulimwaga bahari kuu. Jawabu hilo limebanwa na Mkataba wa London wa 1972, na zaidi na Itifaki yake ya 1996 iliyoanza kutumika mwaka 2006, ambayo inamtaka mwenye kuomba kibali cha kumwaga aoneshe kwanza kama tope lake haliwezi kutumiwa kwa jambo jengine lenye manufaa.

Hapa ndipo macho ya wengi yanapogeuka kuelekea kwenye ujenzi. Mchanga wa kujengea katika Visiwa ni mali isiyojirudisha, na mashimo yaliyoachwa na wachimbaji yanaonekana na kila mwenye kupita. Aidha, kufukia bahari si jambo geni kwa watu wa Unguja. Wazee wanajua kwamba kati ya Mji Mkongwe na Ng'ambo palikuwa na mkono wa bahari, ambao ulifukiwa hatua kwa hatua mpaka watu wakapita kwa miguu palipokuwa pakipita ngalawa. Kwa hivyo mtu akiona lundo la tope limetolewa bandarini, na yeye anahitaji kifusi, ni haki yake kuuliza kwa nini lisitumiwe.

Jawabu la mazungumzo haya ni kwamba linaweza kutumiwa, na kwengineko limekwisha kutumiwa kwa wingi. Lakini masharti yake ni mazito kuliko ya mchanga na kokoto, na sharti la mwanzo ni kwamba mahali litakapolala tope pajulikane, na mwenye dhamana ya mahali hapo ajulikane, kabla ya ndoo ya kwanza kutoka majini.

Ifahamike kwanza kwamba tope la bandari si kitu kimoja. Ndani yake mna mchanga, ambao chembe zake ni kubwa na hazishiki uchafu mwingi, na mna chembe laini mno pamoja na mabaki ya viumbe na majani yaliyooza. Sumu hupenda kushikamana na hizo chembe laini. Risasi, zebaki, kadimiamu, shaba na zinki, mafuta ya injini, viuatilifu vya mashambani, vyote vikishafika baharini hutafuta chembe za udongo na kuzama pamoja nazo. Hivyo maji ya bandari yanaweza kuwa safi kwa macho na hata kwa vipimo, na hali chini yake imelala hesabu ya miaka 50 ya viwanda, mifereji na karakana.

Rangi za vyombo ni mfano mzuri. Mabaharia wa Mwambao walikuwa wakipaka chini ya vyombo vyao deheni, yaani mafuta au shahamu iliyochanganywa na chokaa, na mbao wakizipaka sifa ya papa. Harufu yake ilikuwa kali, lakini haikujulikana kuharibu uzazi wa chaza. Rangi za kisasa zenye tributilitini zilizoenea baada ya hapo zilikuwa na harufu nzuri zaidi, na katika ghuba ya Arcachon nchini Ufaransa zilikaribia kuua biashara yote ya chaza, mpaka Ufaransa ikazizuia kwa vyombo vidogo mwaka 1982. Mkataba wa kimataifa wa kuzipiga marufuku ulipitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika 2008. Rangi hizo zimeondoka kwenye vyombo. Kwenye tope la bandari nyingi za dunia bado zimo.

Kadhalika kuna jambo ambalo mafundi wengi hawalitarajii. Tope likiwa chini ya maji halipati hewa, na katika hali hiyo metali nyingi hufungwa na salfa na kutulia. Likitolewa na kuanikwa, hewa huingia, salfa hugeuka kuwa asidi, na metali zilizokuwa zimelala huamka na kufuata maji ya mvua. Tope hilo hilo, lenye vipimo vile vile, linaweza kuwa na madhara machache likiwa baharini na makubwa likiwa kiwanjani. Ndiyo maana cheti cha maabara kinachotaja kiasi cha sumu peke yake hakitoshi. Lazima kipimwe pia kiasi kitakachochuja na maji.

Bandari ambayo mambo haya yalijitokeza kwa uwazi ni ile ya New York na New Jersey nchini Marekani. Kando ya Mto Passaic, mjini Newark, kiwanda kimoja kilitengeneza dawa za kuulia magugu kuanzia 1951 hadi 1969, zikiwemo zile zilizotumiwa na jeshi la Marekani kukausha misitu ya Vietnam. Pamoja na dawa hizo ilizaliwa dioksini, ambayo ni miongoni mwa sumu kali zinazojulikana. Mwaka 1983 ilikutwa katika ardhi ya kiwanda na katika mto, na mto huo unaishia katika ghuba ile ile yenye gati za makontena.

Tope la bandari hiyo lilikuwa likimwagwa baharini kiasi cha maili 6 kutoka pwani ya New Jersey. Katika miaka ya mwanzo ya 1990 wavuvi na watetezi wa bahari walikwenda mahakamani kulipinga jambo hilo, vibali vikakawia, na gati zikaanza kujaa. Wenye meli walisema bandari itakufa. Wavuvi walisema bahari itakufa. Na kila upande ulikuwa na hoja yenye uzito, kwani bandari hulisha maelfu ya nyumba na bahari nayo hulisha maelfu. Mwaka 1996 Serikali Kuu ya Marekani ilitangaza mapatano, na tarehe 1 Septemba 1997 sehemu ile ya kumwagia ilifungwa. Tangu hapo eneo hilo hupokea tope safi tu, la kufunikia lile chafu lililotangulia.

Baada ya mlango wa bahari kufungwa, ikabidi tope lenye sumu litafutiwe mahali nchi kavu. Sehemu yake ilisafirishwa kwa treni hadi jimbo la Utah, safari ya kuvuka karibu nchi nzima, kwa gharama ambayo hakuna bandari ingeweza kuibeba kwa muda mrefu. Ndipo ujenzi ukaingia. Mjini Elizabeth, karibu na gati zenyewe, palikuwa na jaa la zamani lililoachwa. Tope lilichanganywa na saruji, kwa kawaida kiasi cha asilimia 8, likageuka kutoka uji na kuwa udongo mgumu unaoshindiliwa kwa mashine, kisha likatandazwa juu ya jaa ili kusawazisha na kuinua ardhi. Juu yake ikawekwa lami na kujengwa soko kubwa la maduka, ambalo lilifunguliwa Oktoba 1999. Watu huegesha magari juu ya tope la bandari bila ya kulijua na bila ya kuligusa.

Tope jengine lilipelekwa katika milima ya Pennsylvania, mahali paitwapo Bark Camp, palipokuwa na machimbo ya makaa ya mawe yaliyoachwa, yakitoa maji yenye asidi. Zaidi ya mita za ujazo 300,000 zilichanganywa na jivu la mitambo ya umeme na vitu vyenye asili ya chokaa, zikatumiwa kufukia kuta na mashimo ya machimbo, na maji ya eneo hilo yakawekwa chini ya vipimo.

Mwenye kuzingatia ataona kwamba katika sehemu zote mbili tope halikupelekwa kwenye ardhi nzuri. Lilipelekwa mahali palipokwisha haribika, penye mwenyewe anayejulikana, na ambapo hapakukusudiwa kuchimbwa kisima wala kulimwa mboga. Hili ndilo lililofanya kazi ile ikubalike, zaidi ya saruji yenyewe.

Na ama kuhusu saruji, inafaa isemwe bila kificho kwamba saruji haiui sumu, huifunga tu. Metali nyingi hunaswa vizuri kwa sababu saruji huondoa asidi na kuzigeuza kuwa vitu visivyoyeyuka kwa urahisi, ingawa baadhi yao, kama risasi na zinki, huanza tena kuyeyuka ikiwa saruji imezidishwa. Mafuta na sumu za aina ya dioksini hazifungwi kwa namna hiyo. Huzuiliwa kwa kuwa tu maji hayapiti kwa wingi ndani ya kitu kigumu. Mabaki ya viumbe hukawiza saruji isigande. Chumvi ya bahari nayo ni adui wa nondo, jambo ambalo kila fundi wa Visiwani amekwisha liona katika madari yaliyopasuka, kwa hivyo tope la bandari, hata likiwa safi kabisa, si la kutia katika zege lenye chuma. Chokaa, ambayo Mji Mkongwe wote umesimama juu yake, inaweza kufanya sehemu ya kazi hiyo ya kukausha na kufunga, na nchi kadhaa huitumia pamoja na saruji.

Wajerumani walichukua njia nyengine. Bandari ya Hamburg iko katika Mto Elbe, na mto huo ulileta taka za viwanda vya nchi za juu kwa miongo mingi. Hapo kale tope lake lilikuwa likimwagwa mashambani ili kuinua ardhi, na watu wakalima juu yake, mpaka vipimo vya mwishoni mwa miaka ya 1970 vilipoonesha metali nzito. Mwaka 1993 ulianza kufanya kazi mtambo mkubwa unaotenga mchanga na chembe laini. Mchanga, ambao ni msafi zaidi, huenda kwenye ujenzi. Chembe laini hukamuliwa maji na kutandazwa kama tabaka la kuzuia maji katika vilima maalumu vya kuhifadhia tope, badala ya kununua udongo wa mfinyanzi. Katika miaka hiyo ya 1990 yalichomwa pia matofali kwa tope hilo. Moto wa tanuri huteketeza sumu za asili ya mafuta na kuzigandisha metali nyingi ndani ya tofali, isipokuwa zebaki hupanda na moshi na lazima ikamatwe kwa vichujio. Matofali yalikuwa mazuri. Lakini kukausha kitu ambacho zaidi ya nusu yake ni maji ni ghali, na tofali la kawaida halikukosa mnunuzi.

Sasa yafaa kutaja mahali ambapo jambo hili liliendeshwa kinyume. Katika mji wa Maassluis, karibu na Rotterdam nchini Uholanzi, ardhi ya chini iliinuliwa kwa tope la bandari, na katika nusu ya pili ya miaka ya 1970 mtaa wa nyumba za kuishi ukajengwa juu yake. Hakuna aliyekusudia ubaya. Tope lilikuwa karibu, lilikuwa rahisi, na ardhi ilihitajika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikabainika kwamba chini ya nyumba na bustani hizo mna metali nzito na viuatilifu. Familia zilizotumia akiba zao kununua nyumba zikajikuta na mali isiyo na bei, na bustani isiyoweza kuaminiwa. Katika mji jirani wa Vlaardingen ardhi kubwa iliyofukiwa kwa njia hiyo hiyo ilikuwa bado haijajengwa. Mipango ya nyumba ikasimamishwa, na leo ni mahali pa miti na matembezi. Tofauti ya miji hiyo miwili haikuwa katika tope. Mmoja uliwahi, mwengine uliwahiwa.

Waholanzi baada ya hapo waligawa tope lao kwa madaraja, na lile lenye sumu wakalijengea shimo kubwa katika ukingo wa bahari, liitwalo Slufter, lililofunguliwa mwaka 1987 likiwa na nafasi ya mita za ujazo milioni 150 hivi. Wakati huo huo walianza kuwafuata wenye viwanda wa nchi za juu ya Mto Rhine, mmoja baada ya mmoja, wapunguze wanachokimwaga. Shimo lililotarajiwa kujaa ndani ya miaka 15 likawa bado lina nafasi miongo kadhaa baadaye, kwa sababu tope lenyewe lilizidi kuwa safi.

Kisa cha mwisho ni cha Minamata, nchini Japani, na kwa watu wanaokula samaki kila siku hiki ndicho kizito kuliko vyote. Kiwanda kilimwaga zebaki katika ghuba ya wavuvi kuanzia 1932 hadi 1968. Maradhi yaliyotokana nayo yalitambuliwa rasmi mwaka 1956, na watu wengi walifariki au walizaliwa na ulemavu. Kati ya 1977 na 1990 tope lote lenye zebaki zaidi ya sehemu 25 katika milioni, kiasi cha mita za ujazo milioni 1.5, lilifungiwa au kuzolewa na kuwekwa nyuma ya kuta za chuma, likafunikwa kwa udongo safi, na ikapatikana ardhi mpya ya hekta 58. Gharama yake ilikuwa yen bilioni 48.5. Juu ya ardhi hiyo leo kuna bustani ya mapumziko na viwanja vya michezo. Lakini zebaki haiozi, na chuma ndani ya bahari huliwa na kutu. Kuta zile zina umri wake, na hukaguliwa. Serikali ya jimbo ilipopata hekta 58 ilipata pamoja nazo kazi ya kudumu.

Ndugu Watumishi, Ndugu Wananchi, katika Visiwa hivi kuna mambo mawili yanayofanya hadhari iwe kubwa zaidi kuliko huko. La kwanza ni maji. Sehemu kubwa ya Unguja imekaa juu ya mawe ya chokaa yenye matundu na mapango, na mvua inayonyesha leo huingia chini upesi na kukutana na maji ya visima na chemchemi. Udongo wa mfinyanzi wa Hamburg huzuia. Jiwe la matumbawe hupitisha. La pili ni uchache wa ardhi. Huko Marekani kulikuwa na machimbo yaliyoachwa mbali na watu. Hapa kila kiwanja kina jirani, na kiwanja cha ghala cha leo huenda kikawa cha skuli baada ya miaka 30, ikiwa hakuna aliyeandika kilichomo chini yake.

Haina maana kwamba tope la kila bandari ya Visiwani lina sumu. Bandari isiyo na viwanda vikubwa huenda ikawa na tope lililo karibu na usafi, na mchanga wake uliotengwa na kuoshwa chumvi ukafaa kwa barabara na kufukia. Lakini mahali penye mifereji ya mji, karakana za injini na vyombo vilivyopakwa rangi kwa miaka mingi hapawezi kusemewa kwa kukisia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Zanzibar, Namba 3 ya 2015, imeweka utaratibu wa tathmini ya athari za kimazingira, na tathmini ya kazi ya kuongeza kina haikamiliki ikiwa inaeleza namna ya kuzoa tu na haielezi namna ya kuweka.

Kwa watumishi wa ardhi, ujenzi na bandari, maana yake ni kwamba sampuli zichukuliwe kwa kina, si za juu tu, kwani tope la zamani lililo chini mara nyingi ndilo chafu zaidi. Mchanga utengwe na chembe laini kabla ya kuamua. Tope lililotiwa saruji liwekwe juu ya usawa wa maji ya chini na lifunikwe kwa lami au udongo safi. Na mahali hapo paandikwe katika ramani na katika hati ya kiwanja, kwa jina, kipimo na mwaka, ili afisa atakayekuja baada ya aliyepo asome. Faili la mkandarasi halitoshi. Mkandarasi huondoka.

Kwa mkaazi jambo ni jepesi zaidi. Akiletewa gari la kifusi cheusi, chepesi kwa bei na kizito kwa maji, aulize kimetoka wapi na ni nani aliyekipima. Harufu ya yai viza si ushahidi, kwani hata tope safi la mikoko linayo. Na kukosekana kwa harufu pia si ushahidi. Ikiwa kimekwisha mwagwa na asili yake haijulikani, kisitumiwe kupandia muhogo wala mchicha, watoto wasikichezee, kisima kisichimbwe karibu yake, na sheha aarifiwe ili sampuli ichukuliwe kabla ya mvua za masika.